Mwavuli mweusi na vidimbwi vya Shangazi

Mtu akikuambia uende kutazama picha zilizotundikwa nje saa sita mchana "kwa sababu mwanga ni mwingi", mnyime hata salamu. Mimi nilimsikiliza mmoja wa kazini kwetu, Jumamosi nzima ikaniishia hivyo.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya bure, kwenye nyasi kando ya ziwa, Entebbe: picha za Uganda zilizopigwa kutoka angani, kubwa kama mlango wa gereji, zimefungwa kwenye vyuma. Bure, nasisitiza, maana pale nilipotelemka kwenye taksi kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni aliniuzia "tiketi" ya elfu kumi. Nililipa, nikasema na asante. Kufika, hakuna lango wala mkaguzi. Mbuzi watatu walikuwa wanakula nyasi chini ya picha, nao sikuona tiketi zao.

Picha zilikuwa zimefunikwa nailoni inayong'aa. Nikasimama mbele ya maporomoko ya Murchison, pale Nile nzima inapojibana kwenye ufa wa mita 7 hivi kabla ya kuanguka mita arobaini na kitu. Nilichoona ni shati langu, kipara changu, na jua limekaa juu ya kipara. Nikasogea kushoto, kipara kikanifuata. Nikachuchumaa, kikachuchumaa. Mama mmoja aliyekuwa na watoto akawavuta pembeni taratibu. Nilirudi Kampala nimeona picha moja na nusu, ile iliyokuwa kivulini mwa mti.

Wiki iliyofuata Shangazi akaja kutoka Katwe kuchukua miwani yake. Katwe ya Kasese, ya ziwa la chumvi, siyo Katwe ya hapa Kampala ya mafundi wa vyuma, nimechoka kueleza. Nikamwambia twende, asubuhi na mapema safari hii. Nauli ilikuwa kama elfu tano tano kila mmoja, au sita, konda naye alikuwa na hesabu zake.

Saa mbili tulikuwa pale. Zilizoelekea magharibi zilionekana vizuri, lakini zilizoelekea mashariki jua lilikuwa linazipiga usoni, kipara kikarudi. Ndipo Shangazi akafungua mwavuli wake mweusi, ule mkubwa wa msibani, na picha ikatokea ghafla kama mtu kafungua pazia. Nailoni haiwaki ikiwa kinachoakisiwa ni cheusi. Basi mwavuli ukawa wangu: unausimamisha nyuma ya kichwa, unauinamisha kidogo kuelekea jua, unasogea nao. Baada ya dakika kumi kulikuwa na foleni ya watu wanaouazima, na mzee mmoja mwenye kamera ya maana akaniuliza nilisomea wapi. Nyumbani nasema nimegundua mimi. Shangazi ana maelezo yake.

Kwa mwavuli huo ndipo tukaona twiga. Kwenye picha walikuwa vidoti vya kahawia tu, nikataka kupita. Shangazi akasema, "Tazama chini yao." Kumbe picha ilipigwa jua likiwa chini, na vivuli vimelala ardhini virefu, shingo na miguu yote. Ukitazama picha iliyopigwa kutoka juu, soma kivuli, mnyama mwenyewe hakuambii kitu.

Halafu tukafika Katwe. Vidimbwi vya chumvi mamia, kila kimoja na rangi yake, waridi, kijani, kahawia, kama kanga zilizoanikwa zikagusana. Pembeni kile kiwanda kilichokufa zamani, mabomba yake yaliliwa na maji yale yale yaliyopaswa kukitajirisha. Mimi nikaanza kumweleza kwamba ziwa halina mto wa kutokea, jua likinywa maji chumvi inabaki. Akanitazama kwa miwani mipya. "Wewe mwana wa kaka yangu, unanifundisha Katwe?"

Akasema ilipigwa kiangazi, maana kingo zilikuwa na weupe. Akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka kwenye njia ya magari, mlinzi akapiga kelele, "Mama, usiguse!" Hakumsikia. Alikuwa amefika kwenye kidimbwi chake, chenye kona iliyopinda pale marehemu mumewe aliposhindwa kunyoosha miti ya ukingo. Kisha kidole kikahamia cha jirani, kikakaa hapo muda mrefu.

Picha nyingine hakuzitaka. Kwenye taksi ya kurudi akapiga simu Katwe, sauti ikajaa gari zima: ukingo wako wa upande wangu una ufa, matope yameondoka, ndiyo maana maji yangu yanakimbilia kwako kila kiangazi. Upande wa pili nikasikia mwanamke anafoka, anauliza amejuaje na yeye yuko Kampala.

"Nimeona kutoka juu," Shangazi akasema, akakata simu.