Kupaa kwa Bwana na ile Alhamisi ya Namugongo

Tarehe 3 Juni 1886, ile siku Karoli Lwanga na wenzake, wale vijana mashahidi wa Uganda waliokataa kumkana Yesu, walichomwa moto pale Namugongo, ilikuwa Alhamisi. Pasaka ya mwaka huo iliangukia 25 Aprili, ndo mwisho kabisa inapoweza kuangukia, sasa wewe hesabu siku arobaini kuanzia hapo na Pasaka yenyewe ukiihesabu, utafika hiyohiyo Alhamisi. Yaani wale vijana waliuawa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Kila mwaka mahujaji wanajaa Namugongo, wengine wanatembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania na Kongo, wa Kenya wengi wanapita hapa kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na rozari mkononi na ndala zimeisha soli, na nikiwauliza juu ya hiyo Alhamisi karibu wote hawajawahi kuisikia. Siwalaumu hata kidogo, juu hata makanisani hii siku tunaipita tu. Pasaka tunaimba mpaka sauti inakauka, Pentekoste tunakesha, hapo katikati kuna Alhamisi moja ambayo si siku ya mapumziko ya serikali, watu wako sokoni, watoto wako shule, basi imeenda.

Mimi si mchungaji, ni muuza nafaka hapa mpakani na Jumapili napewa zamu ya kusoma somo, lakini hili jambo limenikaa moyoni na naamini kabisa tumaini letu Wakristo limekonda kwa sababu ya kuiruka hii siku. Muulize Mkristo yeyote Yesu alifanya nini, atakwambia vizuri sana, alikufa msalabani akafufuka. Muulize atafanya nini, atakwambia atarudi. Alafu muulize saa hii, leo, wakati mimi na wewe tunaongea hapa, Yesu anafanya nini? Wengi wananyamaza. Tunaishi kama vile aliondoka akatuachia simu imezimwa. Na mtu anayeamini Bwana wake hayupo, hata kama haisemi kwa mdomo, utaiona kwa maisha yake, atatafuta bwana mwingine wa karibu wa kumwogopa.

Wale vijana wa 1886 hawakuwa hivo. Hebu fikiria walikuwa ni akina nani. Walikuwa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Karoli ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na mdogo wao Kizito alikuwa na miaka kama 14. Kazi yao yote ilikuwa mbele ya kiti cha mfalme. Waganda hicho kiti wanakiita Nnamulondo, na kila mtoto wa ikulu alijua anayeketi pale akisema ufe unakufa, na kwamba hakikaliwi na watu wawili. Sasa watoto wa namna hiyo ukiwafundisha Imani ya Mitume, ukafika pale kwa "akapaa mbinguni, ameketi mkono wa kuume wa Mungu Baba", wao hawahitaji maelezo marefu kama sisi. Wanaelewa mara moja kwamba kuna kiti kilicho juu ya Nnamulondo, na kimeshapata mwenyewe. Kizito alibatizwa na Karoli pale Munyonyo wakati hukumu inakaribia, siku chache tu kabla ya moto, hakuwa na muda wa kusoma teolojia, lakini hilo la kiti alilijua kuliko maaskofu.

Na Mwanga mwenyewe alikuwa kijana tu, yapata miaka 18. Baadaye alipinduliwa, mwisho Waingereza wakampeleka uhamishoni visiwa vya Ushelisheli, na hukohuko akabatizwa akaitwa Danieri, akafa 1903. Mimi kila nikifika hapo nanyamaza kwanza. Yule aliyetaka wamkane Yesu kwa ajili ya kiti chake, kiti kikamtoka, na akaishia kupiga magoti kwa huyohuyo waliyekataa kumkana. Zaburi ya 110 inasema Bwana aketi mpaka adui zake wawekwe chini ya miguu yake, na Agano Jipya hakuna andiko la kale linalolirudia mara nyingi kama hilo. Tunafikiri kuwekwa chini ya miguu ni kupondwa tu. Kumbe kuna adui anawekwa chini ya miguu akiwa anaoshwa dhambi.

Kitu kingine ambacho hatukisemi vya kutosha, Yesu alipaa na mwili. Luka anamaliza Injili yake pale Bethania, Yesu ameinua mikono anawabariki, na akiwa bado anabariki akachukuliwa juu. Kwa hiyo cha mwisho walichokiona wanafunzi ni ile mikono, mikono ileile aliyomwonyesha Tomaso, yenye alama za misumari. Hakuvua ubinadamu wake pale mlimani akauacha kama nguo ya kazi. Mpaka leo kuna mtu, mtu kabisa, mwana wa Mariamu, aliyekula samaki na kuchoka safarini, yuko kwenye utukufu wa Mungu. Tukienda kwenye matanga tunaambiwa roho ya marehemu imeenda mbinguni, sawa, nashukuru, lakini tumaini letu ni kubwa kuliko hapo. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba Bwana atakuja kutoka mbinguni kuubadilisha huu mwili wetu wa unyonge ufanane na mwili wake wa utukufu. Fikiria maneno hayo juu ya watu ambao miili yao iliisha kuwa majivu pale Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana moto mmoja, hakuna kaburi la kila mmoja, mama hana pa kuweka maua. Mwili wa Yesu ulioko juu ndo ahadi ya miili yao. Inasimuliwa kwamba Karoli alipotengwa achomwe peke yake aliagana na wenzake akiwaambia watakutana mbinguni. Kijana anaenda kuchomwa polepole kuanzia miguuni na anaaga hivo, huyo anajua kuna mtu mwenye mwili kama wake aliyetangulia.

Waebrania ndo kitabu kinachonijenga zaidi kwa hili, hasa sura ya 4 mpaka ya 10. Hapa Uganda kila mtu anajua maana ya kuwa na mtu wako ndani. Unaenda ofisi fulani na fomu yako, umepanga foleni tangu asubuhi, unaambiwa rudi kesho, rudi Jumatatu, alafu anakuja mwingine amempigia binamu yake aliye ndani, dakika mbili ametoka na muhuri. Inauma sana, na wanaoumia ni wale wasio na mtu. Sasa Waebrania inasema tunaye kuhani mkuu aliyeingia ndani ya pazia kwa ajili yetu, anachukuana nasi katika udhaifu wetu, na yu hai siku zote atuombee. Mtu wetu yuko ndani, ndugu zangu, na hakuingia kwa kujuana wala kwa bahasha, aliingia kwa damu yake mwenyewe, na hana foleni ya wakubwa na foleni ya wadogo. Yule mama anayeuza mboga chini kwenye gunia ana mtu ndani sawasawa na waziri.

Na hii si ya kusema tu. Kwenye felowshipu yetu kuna dada alimzika mtoto, akaniambia hawezi tena kuomba, akifunga macho hakuna kinachotoka. Nilimsomea Warumi 8:34, kwamba Kristo yuko mkono wa kuume wa Mungu na ndiye anayetuombea. Nikamwambia dada yangu, kaa tu, hiyo kazi haijasimama kwa sababu wewe umenyamaza, kuna mwenye kuifanya. Hakupona siku hiyo, nisiseme uongo. Lakini aliendelea kuja, anakaa nyuma, haombi, na tukamwacha akae hivo, na mimi naona hiyo ndo imani yenyewe, kukaa mahali Kristo anakuombea wakati wewe huwezi.

Alafu kuna Stefano. Mara nyingi Maandiko yanasema Yesu ameketi, ameketi, makuhani wa zamani walisimama kila siku wakirudia dhabihu zilezile, huyu alitoa moja akaketi, imeisha. Lakini siku wanampiga Stefano kwa mawe, Matendo 7, yeye anamwona Yesu amesimama. Wengine wana tafsiri zao nyingi, mimi nasoma tu nilichosoma, kwamba kwa ajili ya mtu anayekufa kwa jina lake Bwana alionekana amesimama. Sina mashaka kwamba hata ile Alhamisi hakuwaacha peke yao.

Sasa niseme la uchungu. Uganda tuna moto mwingine. Tarehe 17 Machi 2000 kule Kanungu mamia ya watu, watoto wengi ndani yake, waliteketea kwenye jengo la ibada lililofungwa. Viongozi wa kikundi chao cha dini walikuwa wamewaambia dunia inaisha na mwaka 1999, watu wakauza mali, wakaacha kazi, wakawa wanangoja, na tarehe ilipopita bila kitu mambo yakaenda kule yalikoenda. Wale waliokufa ni watu waliodanganywa, Mungu awarehemu, siandiki kuwahukumu. Nawaandikia tunaobaki, juu bado kuna wahubiri wanacheza na tarehe. Siku ileile ya Kupaa wanafunzi walimuuliza Yesu kama ni sasa anarudisha ufalme, akawajibu si kazi yenu kujua nyakati wala majira, mtapokea nguvu na mtakuwa mashahidi wangu, akamaliza hapo akapaa. Na walipobaki wamekodoa macho juu, wale watu wawili wenye mavazi meupe wakawauliza mbona mmesimama mkitazama mbinguni. Atarudi, hilo walithibitishiwa palepale. Lakini mtu akikwambia uache shamba ungoje, huyo hajasoma hata mistari kumi na moja ya kwanza ya Matendo.

Upande wa pili wapo wanaohubiri kwamba kama tumeketishwa pamoja na Kristo mbinguni, Waefeso 2, basi hatuugui, hatukopi, hatulii. Inapendeza kusikia hasa ukiwa na deni. Ila Paulo alipoandika barua hiyo alikuwa mfungwa, mwishoni kabisa anasema yeye ni balozi kwenye minyororo. Ameketishwa na Kristo na mkono una mnyororo, vyote viwili kwa siku moja, na hakuona shida.

Kwa hiyo maisha ya kila siku yanakuwaje? Soma Wakolosai 3. Paulo anaanza juu kabisa, yatafuteni yaliyo juu Kristo aliko, na sura haijaisha ameshashuka kwa hasira, uongo, matusi, mume na mke, watoto, mtu wa kazi na tajiri wake. Sura inayofuata inaanza na matajiri kuwapa watumishi wao haki, wakijua wao pia wana Bwana mbinguni. Hapa Busia hiyo ni gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Kuna gorogoro za mahindi zimegongwa chini mpaka kitako kimeingia ndani, mteja anaona imejaa kumbe amepunjwa, na muuzaji amevaa rozari au ana kibandiko cha Yesu dukani. Ni wale vibarua wanaobeba magunia juani alafu jioni wanaambiwa njoo kesho. Ni wenzetu wenye ulemavu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, mtu anawapunguzia bei waliyopatana juu anajua hawawezi kumkimbiza. Kama Yesu ameketi na anatawala, anatawala na hapo kwenye gorogoro. Sisi wafanyabiashara wa felowshipu yetu tulikubaliana kibarua analipwa jioni ileile kabla hatujafunga, na vipimo vyetu tunakaguana wenyewe kwa wenyewe. Wengine sokoni walisema tutafilisika. Bado tunauza.

Luka anasema kitu ambacho nilikuwa nakisoma haraka sana, kwamba baada ya Yesu kuchukuliwa walirudi Yerusalemu na furaha kuu. Yerusalemu ndo mji uliomuua, hakuna kilichobadilika pale, Pilato yuko, Kayafa yuko, na Roho hajashuka bado. Mtu unayempenda akiondoka unarudi unalia, hawa walirudi wanafurahi, juu walijua ameenda wapi na ameenda kufanya nini.

Mwaka huu Alhamisi ya Kupaa tumepanga tukutane jioni soko likifungwa, tusome Matendo 1 na Waebrania 4, tuombeane, na tutaendesha kwa Kiswahili juu tumechanganyika, Wasamia, Wagwe, Wateso, Waganda, na ndugu zetu wa upande wa Kenya. Wakatoliki pia mnakaribishwa, ule moto ulikuwa mmoja. Kama wewe ni hujaji unapita kwenda Namugongo kwa miguu na siku hiyo imekukuta Busia, ulizia pale soko la nafaka, chai itakuwepo na akina mama wameshaahidi magodoro.