Kitabu Kilichomtoa Doto Nje

Jumamosi, saa tatu usiku

Umeme umekatika tangu magharibi, na leo nimeupokea kama zawadi. Nimekaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya Mama, hapa Igogo, Mwanza. Ziwa Victoria liko chini yetu, jeusi tii, na kule mbali taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mtaa mzima uliohamia majini. Kulwa amelala. Doto amekataa. Amekaa ubavuni kwangu, daftari mapajani, anazihesabu zile taa kwa kidole, na akipotea anaanza upya. Sasa hivi amefika thelathini na nne.

Miezi minne iliyopita mtoto huyu alikuwa akiniona natoa kitabu kwenye mkoba anasema tumbo linamuuma.

Naandika haya kwa sababu jirani yangu alinisimamisha juzi kisimani. "Wifi, hebu nitajie vitabu unavyowasomea hao pacha wenu. Wangu hashiki kitabu hata kwa fimbo." Nilimtajia viwili vitatu harakaharaka, ndoo kichwani, nikaondoka. Toka siku hiyo jambo limenikaa rohoni, maana nilimjibu nusu tu. Majina ya vitabu siyo yaliyombadilisha Doto.

Kulwa na Doto ni watoto wa kaka yangu, wako darasa la pili. Baba yao yuko kambi ya dagaa huko visiwani, mama yao anatoka alfajiri kwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kuuza. Jioni wanakuwa na mimi na Bibi yao. Nilipoanza kuwanunulia vitabu nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi utotoni. Nilichagua vile vyenye hadithi fupi, na mwisho wa hadithi kuna kichwa kinachouliza tumejifunza nini. Kulwa aliyajibu maswali yote kabla sijamaliza kuyasoma. Siku moja tulisoma ya fisi aliyefukuzwa kijijini kwa uroho. Nikauliza, tumejifunza nini? Kulwa akasema uroho ni mbaya. Doto akanitazama, akauliza, "Shangazi, sasa yule fisi usiku ule alilala wapi?"

Nikamwambia, "Doto, hilo halijaulizwa. Jibu swali."

Najuta maneno yale mpaka leo. Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza kutoka kitabuni, nami nikalifunga mlango. Baada ya hapo ndipo tumbo lilipoanza kumuuma.

Kitabu kilichotutoa huko sina hata jina lake. Nilikiokota kwenye rundo la vitabu vya mtumba upande wa Makoroboi, chembamba, jalada limechanika lote, shilingi 500. Picha nyingi, maneno machache: mtoto anatembea usiku na mwezi unamfuata. Ukurasa mmoja karibu na mwisho unauliza mchana mwezi huwa umekwenda wapi. Basi. Unageuza ukurasa ukitegemea jibu, unakuta habari nyingine.

Ilikuwa yapata saa kumi jioni. Nilinyamaza, kwa kweli kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria jibu. Doto akainuka, akatoka nje. Nikajua ndiyo ametoroka. Haikupita muda nikasikia kelele uani: "Shangazi! Bibi! Upo! Upo mchana!" Tukatoka wote, Bibi na mwiko wake mkononi. Kweli, juu ya mabati ya jirani, upande wa mashariki, mwezi ulikuwa umekaa mweupe kama kipande cha muhogo uliomenywa. Umri wangu huu, nimeuona mwezi wa mchana mara ngapi bila kuuangalia!

Usiku huo nilimpa kila mmoja daftari la kurasa 48, lile la shilingi mia chache, lisilo na kazi ya shule ndani. Kila siku wauchore mwezi walivyouona, na kama hawakuuona waache duara tupu. Hakuna maksi, hakuna kusahihishwa. Sharti langu lilikuwa moja, wasichore ambacho hawakukiona.

Wakachora. Pembeni Doto aliongeza mambo yake: mvua, mbwa wa jirani amezaa, na kijimtu chenye kofia kwa siku ambazo baba yao alikuwa nyumbani. Baada ya miezi miwili Kulwa ndiye aliyeliona. Aliweka madaftari mawili sakafuni, akafunua kurasa za miezi yote miwili, akaweka kidole kwenye kile kijimtu, kisha kwenye duara lililo juu yake. "Baba anakuja na mwezi mkubwa," akasema. Akahesabu. Toka mwezi mpevu hadi mwingine walipata mara moja siku 29, mara moja siku 30, nacho kijimtu kilikuwa palepale.

Kila mtu wa ziwani analijua hilo. Siku za giza ndizo za kazi. Mbalamwezi ikiwaka watu wanarudi nyumbani, wanashona nyavu. Lakini hawa hawakuambiwa na mtu. Walilisoma wenyewe kwenye kitabu walichokiandika kwa mikono yao. Wakataka kujua kwa nini, na safari hii nilijizuia. Niliwaambia wamuulize mwenyewe akija.

Kaka yangu aliishia darasa la saba na hajioni mtu wa vitabu. Alipofika na kuonyeshwa madaftari alikaa kimya muda mrefu, akigeuza karatasi kwa kidole chenye makovu ya nyuzi. Halafu akaomba beseni la maji na tochi ya simu. Akafunga madirisha na mlango, chumba kikawa giza. "Hii ndiyo karabai yangu," akasema, akaiinamisha tochi juu ya maji. Duara la mwanga likasimama pale kama sahani. "Dagaa akiwa gizani, akiona hapa panang'aa, anapanda, anasogea, anajikusanya na wenzake. Ndipo tunapowazungushia wavu." Akafungua mlango, jua likaingia. Tochi ilikuwa bado inawaka, lakini ile sahani ya mwanga haikuonekana tena. "Na huu ndio mwezi mpevu. Ziwa lote linang'aa. Sasa dagaa aje kwangu kufuata nini?"

Doto alifunga ule mlango na kuufungua mara sita au saba. Hakuna aliyemkataza.

Kwa hiyo jirani yangu, ukiniuliza kitabu gani, nitakwambia kishike dukani, kifunue katikati, usome kurasa mbili tatu. Je, kuna mahali kinapomwachia mtoto nafasi ya kuuliza? Je, kuna kitu ndani ambacho mtoto wa hapa kwetu anaweza kutoka nje akakigusa leo hii? Vitabu vya theluji na dubu navyo vina raha yake, Kulwa anavipenda. Ila kwa mtoto ambaye bado hajaonja utamu wa kusoma, anza na kile kinachomhusu mlangoni kwake. Dunia nyingine itamsubiri.

Wala usiogope kitabu kilichomzidi umri, mradi ukae naye. Binamu yao wa sekondari alisahau hapa kitabu cha jiografia, na Doto akakifunua penye picha ya miamba. Yeye hapa anaishi katikati ya mawe, analala na jiwe ukutani, na siku zote amekuwa akiuliza nani aliyapanga moja juu ya jingine. Bibi yao ana jibu lake, la majitu ya zamani, na hulisimulia vizuri mpaka taa inaisha mafuta. Sikutaka kumvunjia heshima. Nikasema hilo ni la Bibi, na kitabu nacho kina lake, tulisikilize.

Kitabu kinasema mawe haya hayakupangwa. Ni granaiti, na hapa Mwanza umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2. Mwamba ulikuwa mzima chini ya ardhi, ukapata nyufa zilizoukata vipande kama matofali, maji yakapenya kwenye nyufa na kuula mwamba polepole ukawa udongo. Baadaye mvua ikauchukua udongo, mawe yakabaki yamekaliana, kama lile Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni anapigia picha. Doto hakuridhika. Kama yalikuwa kama matofali, mbona sasa ni ya mviringo?

Nikachukua kisu, nikakata kipande cha sabuni ya mche, pande zote sawa, kona kali. Tukakizamisha kwenye bakuli la maji na kukiweka chini ya kitanda. Kila jioni walikitoa, wakakipapasa macho yamefumbwa, wakachora. Jioni ya kwanza kona zilikuwa zimelainika. Ya pili hazikuwapo. Siku ya nne alichonacho Doto kiganjani kilikuwa kama yai la kanga. Kulwa ndiye aliyesema, taratibu, huku akigusa: "Uso unaliwa na maji upande mmoja. Ukingo pande mbili. Kona inaliwa pande tatu. Ndiyo maana inaisha mapema." Bibi aliyekuwa anachambua mchele akaacha ungo. "Wabeja, mwanangu," akasema, yaani asante kwa Kisukuma. Hakusema zaidi, lakini usiku ule aliyasimulia majitu yake na kuyatia sabuni mkononi.

Vitabu vingine nitavitaja haraka. Kitabu chochote cha vitendawili kinafaa, hata kikuukuu, kwa sababu kitendawili hakisomwi kimyakimya. Kulwa anasema "Kitendawili!", nyumba nzima inaitika "Tega!", na Doto asiyependa kusoma kwa sauti anajikuta anausoma ukurasa mzima ili atege yeye. Atlasi ya shule pia. Doto alitumia uzi kuzunguka ukingo wa Ziwa Victoria lote, akapitia Kenya na Uganda akarudi kwetu, na hakuamini kwamba ziwa hili la kilomita za mraba 68,800 lina kina cha kama mita 80 tu palipo pa kina zaidi, ilhali Tanganyika jembamba vile linashuka karibu mita 1,470. Wiki nzima kila sufuria jikoni lilipimwa upana na kina.

Kwa ambaye hana fedha ya vitabu, kuna hazina ya African Storybook kwenye intaneti, iliyoanzishwa Afrika Kusini. Hadithi za Kiswahili ziko nyingi na ni za bure, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno machache hadi zile ndefu za kumsomea mtoto kwa sauti. Unaruhusiwa kuziprinti, kuzigawa, hata kuzitafsiri. Mimi nilichagua sita, nikazipeleka steshenari, nikazikunja katikati na kuzipiga pini. Moja nimeanza kuigeuza Kisukuma. Mama hajui kusoma, lakini nikimsomea sentensi iliyopinda anaisikia papo hapo. Anasema, "Hatusemi hivyo," ananipa inavyosemwa, watoto wanacheka, na mimi nafuta. Sijawahi kuwa na mhariri mkali kama huyo.

Kuna jambo linaniuma nisiloweza kuliacha. Shule moja niliyowahi kuingia ina kabati zuri la vitabu vya hadithi, vya msaada, vipya kabisa. Lina kufuli. Nilipouliza nikaambiwa watoto watavichafua. Hiki cha mwezi kina alama za mafuta ya dagaa karibu kila ukurasa, na ule wa swali umeshikizwa kwa gundi mara mbili. Laiti vile vya kabatini vingepata bahati ya kuchafuka namna hii.

Nimesimama kuandika kidogo kwa sababu Doto amenivuta mkono. Hesabu imeisha: taa hamsini na tatu. Jana mwezi waliuchora mwembamba kama ukucha, na leo umeshazama mapema. Amepiga hesabu ya kijimtu chake. Anasema zimebaki siku kumi na mbili. Halafu akanyamaza, macho kwenye maji.

"Shangazi, dagaa akiwa kule chini, anajuaje kwamba ile ni taa na siyo mwezi?"

Nimemwambia aandike. Nimemshikia tochi. Anaandika sasa, ulimi umetoka pembeni, "dagaa" ameiandika kwa a tatu mwishoni, na chini ya swali ameacha mistari mitano mitupu.