Mstari wa tatu uligoma

Saa 12 asubuhi. Upepo wa Julai Dodoma unapenya hadi ndani ya sweta. Chai ya tangawizi, bajaji, kazini.

Saa 1:30. Ripoti ya usiku. Wodi ilikuwa tulivu, namshukuru Mungu.

Saa 4. Kliniki ya presha, benchi limejaa hadi mlangoni. Anaingia mzee wa Kigogo, hudhurio lake la tatu: 178 kwa 102.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizi dawa, mwenzangu kule nyumbani..."

"Unameza kila siku?"

"Nameza."

Nikamwongezea dawa ya pili, nikaita anayefuata.

Saa 7. Wali maharage, na daftari langu. Kila mchana naandika tarbia, yaani shairi la mistari minne, ubeti mmoja kuhusu mgonjwa mmoja, bila jina wala kijiji chake. Rita Charon, daktari wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, aliwaandikisha wanafunzi wake kando, kwa maneno ya kawaida, yale yasiyo na nafasi kwenye faili. Mimi nimechagua tarbia kwa sababu ya mizani: silabi nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari), nane utao (nusu ya pili), na kila silabi lazima ijibu kwa nini ipo.

*Mzee alitulia, presha haishuki kweli,*
*Alianza kunambia, nikamkata kauli,*

Hapo nikakwama. Mstari wa tatu ulitaka alichosema babu, nami sikuwa nacho. Nimekiandika mwenyewe: nikamkata kauli. Nilikitazama kile kipande hadi chakula kikapoa.

Saa 7:25. Namshukuru Mungu kwa mara ya pili: bado yuko kwenye foleni ya dirisha la dawa. Nikakaa kando yake.

"Babu, ulikuwa unaniambia nini kuhusu bibi?"

Alikunja kofia yake, akaikunjua. Bibi naye ana presha, ila miguu haimwezeshi kupanda basi. "Kidonge nakikata, mjukuu wangu. Nusu mimi, nusu yeye."

Nilimwomba radhi. Nikaifuta ile dawa ya pili, maana hata ya kwanza hajawahi kuimeza nzima. Tukaenda pamoja kwa afisa ustawi wa jamii, na nikampa barua ya kwenda zahanati ya kwao ili bibi apimwe wiki hii.

Saa 3 usiku. Watoto wamelala. Nimerudi kwenye daftari.

*Nusu kambakizia, mkewe aliye mbali,*

Mstari wa nne nimeuacha wazi hadi nisikie vipimo vya bibi.