Umeme ukirudi saa tisa usiku: seva za mashine pepe ziamke zenyewe

Umeme ukikatika Arusha saa nane usiku na kurudi saa tisa, chumba cha seva hakina mtu. Msimamizi amelala Usa River au Ngaramtoni, mlinzi hana ufunguo, na hata angekuwa nao hajui kitufe kipi kianze. Kwa hiyo kabla ya kuongeza mashine pepe nyingine (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva halisi), jiulize swali moja: zote zikizimika sasa hivi, zitaamka zenyewe kwa mpangilio unaofaa, data ikiwa nzima? Kwa maoni yangu hapo ndipo usimamizi wa mashine pepe unapopimwa huku kwetu, kabla ya kasi na kabla ya ukubwa wa memori.

Mifano nitakayotoa ni ya Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe. Inafanya kazi bila leseni ya kulipia, na tangu Broadcom ikamilishe kuinunua VMware, mpinzani wake, Novemba 2023 kisha kuacha kuuza leseni za kudumu, ofisi ndogo zina sababu nzuri ya kuiangalia. Wanaotumia Hyper-V au VMware watakuta mantiki ni ileile, ila vitufe viko mahali pengine.

UPS ni muda wa kuzima

Kazi ya UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) hapa si kuwawezesha watu waendelee na kazi gizani. Ni kuipa seva muda wa kuzima kwa utaratibu. Anza na hesabu. UPS ya VA 1500 yenye betri mbili za volti 12, Ah 9 kila moja, kwenye karatasi ina Wh 216. Ukigawa kwa mzigo wa wati 300 unapata dakika 43. Usizitegemee. Betri hizi zikinyonywa haraka hutoa pungufu ya kilichoandikwa, na UPS yenyewe hupoteza kiasi inapobadilisha umeme. Panga kwa nusu, yaani dakika 20, tena betri zikiwa mpya. Ndani ya miaka 3 hadi 5 huwa zimechoka, na joto huziwahisha: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hukata umri wake karibu nusu. Kwa Moshi ya Januari na Februari, UPS ikae chini ya kabati, siyo juu karibu na dari.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Proxmox huipa kila mashine pepe sekunde 180 izime yenyewe, zikiisha huikata kwa nguvu. Mashine zenye namba ileile ya mpangilio huzimwa pamoja, zenye namba tofauti hufuatana. Ukiwa na makundi matatu, hali mbaya kabisa ni dakika 9. Ongeza 2 za seva mama, yaani seva halisi inayobeba mashine pepe. Basi amri ya kuzima itoke zikiwa zimebaki dakika 15. Kwenye UPS ya dakika 20 maana yake una subira ya dakika 5 tu, na ni heri kuikubali hesabu hiyo kuliko kuomba umeme urudi.

Programu ya kuisoma UPS na kutoa amri hiyo ni NUT (`apt install nut`). Kwenye `/etc/nut/ups.conf`:

```
[ups]
  driver = usbhid-ups
  port = auto
  ignorelb
  override.battery.runtime.low = 900
  override.battery.charge.low = 40
  offdelay = 60
  ondelay = 120
```

Mstari wa `ignorelb` unaiambia NUT isisubiri UPS ipige kelele kwamba betri inaisha, maana kelele hiyo kwa kawaida huja muda umebaki dakika chache sana. Angalia kwa `upsc ups@localhost` kama UPS yako inatoa `battery.runtime`. Nyingi za bei nafuu hazitoi, na huhitaji dereva `nutdrv_qx` badala ya `usbhid-ups`. Kwa hizo, tumia `upssched` uhesabu muda: ikikaa kwenye betri dakika 3 mfululizo, zima.

Kuna mtego ambao wengi huugundua wamechelewa. Seva imeshaanza kuzima, umeme unarudi. Seva inamaliza kuzima, UPS bado inatoa umeme, kwa hiyo seva haioni badiliko lolote na inabaki imezimika mpaka asubuhi. Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, `upsmon.conf` iwe na mstari wa `POWERDOWNFLAG`, ili mwisho wa kuzima UPS iamriwe kukata umeme wake kwa makusudi na kuurudisha baada ya `ondelay`. Ndiyo maana `ondelay` lazima iwe kubwa kuliko `offdelay`. Pili, kwenye BIOS ya seva kipengele cha "AC Power Recovery" kiwe "On", si "Last". "Last" hurudisha hali ya mwisho, na hali ya mwisho ilikuwa kuzimika.

Swichi ya mtandao nayo ichomekwe kwenye UPS. Kwenye klasta (seva mama kadhaa zinazofanya kazi pamoja, kila moja huitwa nodi) yenye HA (mfumo wa kuiwasha mashine pepe kwenye nodi nyingine, yake ikifa) hili si la hiari: swichi iliyochomekwa ukutani ikizimika, nodi hazisikiani, na zile zinazobeba mashine za HA hujiwasha upya baada ya takriban dakika moja, ingawa zenyewe zilikuwa na umeme muda wote. Printa ya leza na birika la chai, hapana.

Kama mna jenereta ndogo, huenda UPS ikaukataa umeme wake kwa sababu masafa yanayumba, ikaendelea kunyonya betri huku jenereta inanguruma nje. UPS nyingi za APC zina mpangilio wa wepesi wa kuhisi, upunguze. Na si kila kukatika kunatoka kwenye gridi: LUKU iliyoisha uniti huzima seva sawasawa na nguzo iliyoanguka. Kama jengo ni la kupanga, jua mita ipi inalisha chumba cha seva, na mtu mmoja mwenye jina awajibike kuisoma kila Ijumaa.

Nani aamke kwanza

Mpangilio wa kawaida: kwanza mashine yenye DNS (hutafsiri majina kuwa IP) na Active Directory (huthibitisha watumiaji), kisha hifadhidata, kisha programu zinazozitegemea. Kwa mfano:

```
qm set 101 --onboot 1 --startup order=1,up=120,down=180
qm set 102 --onboot 1 --startup order=2,up=90,down=180
```

`up=120` ni sekunde za kusubiri kabla ya kugusa mashine inayofuata. Usibane hapa. Windows Server yenye Active Directory inaweza kuonekana imewaka huku huduma zake bado zinajikusanya, na mfumo wa uhasibu ukiamka mapema unashindwa kuiona hifadhidata na kubaki umekwama hadi mtu aje. Kusubiri pia kunazuia mashine kumi kuzigombea diski kwa wakati mmoja. Kama diski za mashine ziko kwenye NAS (hifadhi inayofikiwa kwa mtandao), ichelewesheni seva mama nzima kwa `pvenode config set --startall-onboot-delay 180`, kwa kuwa NAS huchukua muda kuamka. Kumbuka tu kwamba mashine zilizo chini ya HA hazifuati mpangilio huu.

Upande wa kuzima, kosa la mara kwa mara ni kuwasha chaguo la QEMU Guest Agent (wakala anayepokea amri za Proxmox ndani ya mashine pepe) kwenye mipangilio bila kusakinisha programu yenyewe ndani ya mashine. Proxmox inamwita wakala asiyekuwepo, inasubiri sekunde zote 180, kisha inakata. Kwa Linux ni `apt install qemu-guest-agent`. Kwa Windows imo ndani ya ISO ya virtio-win.

Epukeni pia mduara: seva mama isitegemee mashine iliyo ndani yake. IP yake iwe ya kudumu, NAS iunganishwe kwa IP badala ya jina, na iwe na DNS ya pili iliyo nje. Vinginevyo seva mama inasubiri DNS, na DNS inasubiri seva mama.

Kisha saa. Betri ya CR2032 kwenye ubao ikifa, seva huamka na tarehe ya zamani, na mashine pepe huichukua hiyohiyo. Kerberos, njia ambayo Active Directory huitumia kuthibitisha watumiaji, huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, kwa hiyo watumiaji wanakataliwa kuingia huku nywila zao ni sahihi. Chrony, programu ya kulinganisha saa kupitia mtandao (NTP), hurekebisha, lakini ruta na intaneti zikiwa bado hazijaamka haina pa kuuliza. Badilisheni betri hiyo kwenye seva zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, siku ileile zinapofika. Na mkiona mashine ya Windows iko nyuma kwa saa 3 kamili, saa 4 asubuhi inasoma saa 1, msihangaike na NTP: aina ya OS imewekwa vibaya kwenye Proxmox, na mashine inasomewa saa ya UTC badala ya saa yetu.

Diski: zinazosema "nimeandika" kabla ya kuandika

Acheni kashe (memori inayoshika data kabla haijaandikwa) ya diski pepe kwenye chaguo-msingi, yaani hakuna kashe. Chaguo la `unsafe` hupuuza maombi ya kuandika kweli. Kwa umeme wetu ni kuitafutia hifadhidata kaburi. Vivyo hivyo `sync=disabled` kwenye mfumo wa mafaili wa ZFS. Kama mnatumia kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa), kagueni betri yake. Ikifa, kontrola nyingi huacha kutumia kashe na kuandika moja kwa moja, na watu huanza kulalamika mfumo umekuwa mzito. Hapo kuna kishawishi cha kulazimisha kashe iendelee bila betri. Msikifuate. Nunueni betri.

SSD za kompyuta za kawaida hazina kapasita za kulinda data umeme unapokatika, na ZFS au hifadhidata zikidai uthibitisho wa kila andiko, kasi yake huporomoka. Kama bajeti ni ndogo, SSD mbili za daraja la seva, hata za GB 480, zibebe hifadhidata; mafaili ya kawaida yakae kwenye diski za mzunguko.

Hatari nyingine haihusiani na umeme lakini huleta kilio kilekile. Hifadhi ya `local-lvm` inaruhusu kugawa TB 3 pale palipo na TB 2. Ikijaa, mashine zote zilizomo hupata makosa ya kuandika kwa pamoja. Chunguza:

```
lvs -o lv_name,data_percent,metadata_percent pve
```

Asilimia 80 ya safu yoyote kati ya hizo mbili ni siku ya kuchukua hatua. Washa `discard=on` kwenye diski na `fstrim -av` ndani ya Linux ili nafasi ya mafaili yaliyofutwa irudi. Futa snapshoti (picha za hali ya mashine ya wakati fulani) za zamani. Snapshoti ni ya kukulinda saa chache za kusasisha programu, na inakaa kwenye diski ileile inayoweza kufa.

Klasta ya nodi mbili

Nodi mbili bila msuluhishi wa kupiga kura ya tatu ni mpango wa kukwama. Umeme ukirudi na moja ikakataa kuwaka, iliyobaki haina kura za kutosha, na haiwashi mashine hata moja. `pvecm expected 1` huikwamua kwa mkono, lakini tulisema saa tisa usiku hakuna mkono. Chukueni kompyuta ndogo yoyote yenye Debian, isakinishwe `corosync-qnetd`, nodi zote mbili ziwekewe `corosync-qdevice`, kisha `pvecm qdevice setup` na IP ya kompyuta hiyo. Hiyo huweza kukaa hata tawi la Moshi. Nodi zenyewe hapana: corosync, programu inayoziunganisha nodi, inataka ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 5, na hilo ni jambo la mtandao wa ndani ya jengo.

Joto baada ya umeme kurudi

Seva inawaka yenyewe, kiyoyozi je? Vingi hubaki vimezima mpaka mtu abonyeze rimoti. Tafuteni chenye uwezo wa kujiwasha upya, na kijaribuni kwa kuzima swichi kuu. Mwinuko nao unahesabiwa: HPE, kwa mfano, huandika kikomo cha 35°C kwenye usawa wa bahari na kupunguza nyuzi 1 kila mita 305. Arusha, karibu mita 1,400, kikomo hicho kinashuka hadi kama 30°C. Hewa ni nyepesi, feni inabeba joto kidogo. Vumbi la kiangazi linaongeza mengine, kwa hiyo vichujio visafishwe kila mwezi kuanzia Julai.

Bakapu nje ya jengo

Kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, umbali mzuri kwa nakala ya pili. Laini yenye Mbps 20 za kupakia hubeba takriban GB 9 kwa saa, yaani GB 72 kwa usiku wa saa nane. Mabadiliko ya kila siku yanaingia humo bila shida kwa Proxmox Backup Server. Nakala ya kwanza ya GB 600 haiingii: ingechukua karibu saa 67. Inakiliwe kwenye diski, isimbwe, ipande basi. Proxmox Backup Server toleo la 3.3 na kuendelea linakubali hazina ya bakapu iliyo kwenye diski ya kuchomoa. Baada ya kila kukatika kwa umeme, tarajieni bakapu inayofuata ichelewe, kwa sababu orodha ya vipande vilivyobadilika hupotea mashine inapozimika, na diski nzima husomwa upya. Na nakileni `/etc/pve` pamoja na `/etc/network/interfaces` za seva mama, kwani bakapu ya mashine pepe haivichukui.

Jaribio

Chagueni Jumamosi mchana, bakapu ikiwa imekamilika na kuhakikiwa. Toeni amri ya `upsmon -c fsd`, inayolazimisha kuzima kana kwamba betri imeisha, mkiwa mmesimama mbele ya kabati, na saa mkononi. Andikeni mashine ipi ilikatwa kwa nguvu, UPS ilikata umeme baada ya sekunde ngapi, seva ilijiwasha au la, na dakika ngapi zilipita hadi mtumiaji wa kawaida aweze kuingia kwenye mfumo. Wiki inayofuata chomoeni UPS ukutani kweli na mpime betri. Mashine isiyoamka, tazameni kwanza `qm config` yake kama ina mstari wa `lock` uliobaki kutokana na kazi iliyokatikia njiani. Hakikisheni hakuna kazi inayoendelea, ndipo `qm unlock`. Karatasi ya matokeo, yenye mpangilio wa kuwasha na IP za kila seva mama, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, kwa maandishi makubwa yanayosomeka kwa tochi ya simu.