Chozi anataka pa kutua: chombo changu cha maji matamu kwa makopo ya kutupwa

Chombo cha maji ya sukari ninachowawekea chozi, ndege wadogo wanaokunywa maji matamu ya maua, kinachoning'inia sasa hivi kwenye tawi mbele ya dirisha langu ni cha nne. Vitatu vya kwanza vilishindwa, na cha kwanza kati ya hivyo kilishindwa kwa sababu nilifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya ndege mwingine kabisa.

Ukitafuta namna ya kuwatengenezea ndege chombo cha maji ya sukari, mengi utakayokutana nayo yanamhusu ndege mvumaji wa Amerika. Yule hunywa akiwa hewani, mabawa yanapiga papo hapo, kwa hiyo tundu peke yake linamtosha. Chozi ni ukoo mwingine. Wapo Afrika, Asia hadi Australia, aina zaidi ya 130, na Amerika hakuna hata mmoja. Chozi anaweza kupepea mbele ya ua kwa muda mfupi, lakini anapotaka kunywa kwa utulivu hutua, hushika kikonyo kwa kucha, kisha huinama na mdomo wake uliopinda. Hakuna aliyeniambia hilo, na bado linaniudhi, maana ndilo la kwanza mtu alipaswa kuambiwa.

Cha kwanza kilikuwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Nilipasha msumari moto nikatoboa kizibo matundu mawili, nikaijaza, nikaigeuza kichwa chini. Asubuhi ilitulia vizuri kabisa. Tone lilishika kwenye tundu bila kudondoka, nikawaita watu wa nyumbani waje waone. Kufika saa sita mchana sakafu ilikuwa inanata, nzi wamejaa, na chupa imebaki chini ya nusu. Nikaona matundu ni makubwa. Nikatoboa kizibo kingine kwa sindano ya kushonea. Yakadondoka vilevile, polepole tu. Nikabadilisha chupa, nikakaza kizibo kwa koleo, ikawa yale yale.

Siku ya tatu nikaamua kukaa pale nitazame. Chozi dume akaja, shingo inang'aa kijani, akajaribu kushika ubavu wa chupa. Kucha zikateleza kwenye plastiki. Akajaribu upande wa pili, zikateleza tena, akaondoka bila kuonja. Nikainuka kuishika chupa: ilikuwa ya moto. Niliposogeza kamba hadi kivulini, baada ya muda matone yakakoma, na hapo nikaelewa. Kinachozuia maji yasimwagike kwenye chupa iliyopinduliwa ni hewa iliyobaki ndani, ambayo mgandamizo wake uko chini kidogo ya ule wa nje. Jua likiipasha, hewa ile inatanuka na kuyasukuma maji nje. Chupa laini ina ubaya wa ziada, kwa kuwa upepo ukiigonga au ukiibonyeza kidogo tu, inatema. Tundu lingekuwa dogo namna gani, yangemwagika.

Cha pili nilitumia chupa ya kioo, ambayo haibonyei, kivulini, na kijiti cha kutulia nimekifunga kwa waya. Chozi alikunywa! Alikunywa siku moja. Kesho yake sisimizi walikuwa wameigundua kamba, wameshuka mstari mmoja mweusi hadi kwenye tundu, na ndani ya chupa walielea mamia wamekufa. Ndege hakurudi.

Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mwanangu, paka grisi kwenye waya, hakuna sisimizi atakayepita." Nilimshukuru lakini sikupaka, na naomba mwingine yeyote asipake. Grisi au mafuta yakimgusa ndege, manyoya yanashikana. Hawezi kujisafisha, hawezi kuhifadhi joto, na ndege mwenye uzito wa gramu chache hana pa kukosea. Mzee yuleyule alinishauri nitie asali badala ya sukari. Hilo nalo hapana. Asali iliyochanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha kuvu, na kuvu hiyo inaweza kumuua ndege. Sukari ya kahawia pia iache, ina madini ya chuma mengi kuliko anavyoweza kuhimili. Rangi nyekundu ya kutia kwenye maji haina kazi yoyote. Wekundu wa kumvuta ndege uwe kwenye chombo.

Kinachofaa ni sukari nyeupe ya kawaida, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji. Utamu wake unakaribia ule wa mbochi, yaani maji matamu ya maua yenyewe. Mimi huchemsha maji, natia sukari, nakoroga, naacha yapoe kabisa.

Wekundu ndio ulioniharibia cha tatu. Nilikata maua kwenye soli ya kandambili nyekundu iliyokatika, nikayatoboa katikati na kuyafunga juu ya matundu. Yalipendeza mno, kila aliyepita aliyasifu. Siku ya nne nikalifungua ua moja nilioshe: sponji ilikuwa imefyonza maji ya sukari, na upande wa ndani umeota madoa meusi ya ukungu, una harufu ya kitu kilichochacha. Ndege walikuwa wakipitisha ndimi zao hapo hapo. Niliyatupa yote siku hiyo. Kitu chochote chenye vinyweleo, sponji, kitambaa au mbao laini, kisiguse maji yale.

Sasa cha nne. Nilikubali kwamba tatizo ni chupa yenyewe, nikachukua kopo bapa la majarini lenye mfuniko unaobana. Matundu yako juu, kwenye mfuniko, na maji yako chini yake, kwa hiyo hakuna cha kudondosha, jua liwake lisiwake. Matundu manne, milimita 4 hivi kila moja, kwa msumari wa moto (fanyia nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta). Kingo zake nilizipiga msasa hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa, kwa sababu ulimi wa chozi ni laini. Maua niliyakata kwenye mfuniko mwekundu wa kopo jingine, plastiki tupu, nikayashona kwa waya mwembamba wa shaba. Najaza hadi sentimita moja chini ya mfuniko: mdomo wa chozi unafika, ulimi wa nyuki haufiki. Nyuki walizunguka siku mbili wakakata tamaa.

Pa kutulia ni waya wa hanga kuukuu, nimeupinda duara kuzunguka kopo. Chozi hulishika duara lile kwa vidole, anajiweka sawa, anainama, na ukikaa kimya unaiona koo ikicheza.

Ila ninachojivunia zaidi ni dawa ya sisimizi. Nilichukua kofia ya kopo la kupulizia, nikaupasha waya wa kuning'inizia na kuupitisha katikati ya kitako chake ungali wa moto. Plastiki iliyeyuka, ikapoa, ikaung'ang'ania waya. Palipovuja kidogo nikadondoshea nta ya mshumaa. Kofia inakaa juu ya chombo, kinywa juu, na ndani yake nimetia maji matupu. Sisimizi anashuka kwenye waya, anakuta bwawa, anazunguka ukingo, anarudi alikotoka. Kila asubuhi naongeza maji, kwa sababu yakikauka siku moja tu wanavuka. Na mara kadhaa nimewaona chozi wakinywa humo pia, ndiyo maana nasisitiza yawe maji safi.

Kuosha hakuna njia ya mkato. Wakati wa joto nabadilisha kila siku mbili, kukiwa na baridi kidogo siku nne au tano, na maji yakionekana tu kama yana wingu simngoji mtu. Maji ya moto na mswaki wa zamani unaoingia kwenye matundu vinatosha. Ukungu ukikaidi naloweka kwa siki na kusuuza sana. Kukining'iniza, kiwe chini ya mita moja kutoka dirishani, ili ndege akishtuka asigonge kioo kwa kasi, na mbali na pale paka anapoweza kuruka.

Gharama? Nilichonunua ni sukari.

Shida iliyobaki ilikuwa ya dume yule wa shingo ya kijani. Alikifanya chombo chake. Alikaa tawi la juu kutwa, na kila mwingine aliyesogea alimfukuza hadi ng'ambo ya ua. Jike, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano hafifu, alikuwa akija na kufukuzwa mara kumi kwa siku, nami nikawa namwonea uchungu. Nikatengeneza cha tano, nikakipeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo dume akiwa kwenye tawi lake hapaoni. Ilichukua siku sita. Juzi jioni nilimkuta jike pale, ameshika waya kwa miguu yote miwili, ananyanyua kichwa na tone dogo linang'aa kwenye ncha ya mdomo, na mbele ya nyumba dume bado yuko kwenye tawi lake, analinda.