Kabla Hujapanda Ndege, Kagua Kinywa

Juzi binamu yangu ameniona kwenye simu ya video nikivua meno, akapiga kelele: "Yaani umeenda Ulaya kuvaa meno ya vizee?" Sikulala vizuri. Basi nieleze.

Gego la kwanza niling'olewa nikiwa sekondari, la pili chuoni, la mbele likafuata. Mnajua kwetu: likiuma, ng'oa. Kuziba kunaonekana ni anasa.

Nilipofika Leicester, Uingereza, nikaenda kliniki binafsi. Kupandikiza jino moja, skrubu ya titani kwenye taya na jino juu yake: paundi 2,400. Jino moja! Nilikaa kituo cha basi nikipiga hesabu kwa shilingi, nikaona kiwanja cha Chanika kinapita. Na nilishalipa ada ya afya kwenye viza ya mwanafunzi, paundi 776 kwa kila mwaka wa masomo, tena yote kabla ya safari. Hospitali imo, bili ya meno haimo. Hilo wakala hakuniambia.

Aliyeniokoa ni bibi wa miaka 92 kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wikiendi. Kila usiku nampokea meno yake, najaza maji beseni kwanza ili yakiponyoka yasivunjike, nayasugua kwa brashi laini na sabuni, maana dawa ya meno inayakwaruza, kisha nayalaza kwenye glasi ya maji ya kawaida. Ya moto yanayapinda. Aliona ninavyoziba mdomo nikicheka. Akanishika mkono: "Mimi nimeyavaa tangu nina miaka 21."

Enzi zao baadhi ya mabinti waling'olewa meno yote hata mazima, wakapewa ya bandia kama zawadi ya kutimiza miaka 21 au ya harusi, mume asije akaingia gharama. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ilipoanza mwaka 1948 yalitolewa bure. Mwaka 1951 serikali ikaanza kuyatoza, na Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha NHS, akajiuzulu. Bibi anakumbuka baba yake alivyofoka siku hiyo.

Akaniambia nisikate tamaa, nitafute daktari wa NHS. Nilipiga simu wiki sita ndipo nikapata nafasi. Paundi 326.70, bili moja: wakang'oa mzizi uliobaki, wakaziba mawili yaliyotoboka, wakachukua vipimo vya fizi, wakanitengenezea meno ya kuvua.

Wiki ya kwanza mate yalijaa, samaki akawa "thamaki." Nilikula vipande vidogo, nikitafuna pande zote mbili. Na ukishang'oa, mfupa wa taya unaendelea kunywea, kwa hiyo meno yatalegea na utarudi yarekebishwe. Usidhani umetapeliwa. Usiku yavue, fizi zipumzike.

Mnaojiandaa kuja, nawasihi: kabla ya tiketi, nenda kwa daktari wa meno hapo nyumbani. Ziba, safisha, na kama pengo lipo, tengenezewa huko huko. Usilibebe jino bovu mpaka huku ukitegemea ada ya viza. Na wewe binamu, leo nimeng'ata tofaa hadharani, mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Bibi alinipa dawa ya ulimi: nimsomee gazeti kwa sauti. Jumamosi nilimaliza ukurasa mzima wa barua za wasomaji bila herufi hata moja kuteleza. Akavua meno yake, akanikabidhi nikayaoshe, akasema kwa fizi tupu: "Kesho michezo."