Kapteni Akishuka

Mama hataki kusikia habari ya mimi kupanda ndege kwenda Bukoba. Tangu ile ajali ya Novemba 2022 amekaza hapo hapo, nami simbishii: kwanza ni mama, pili nauli ya basi inabakiza hela ya kumnunulia mchele. Ndiyo maana Novemba iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa stendi ya Nyegezi, Mwanza, na kiroba cha mchele, begi moja, na daftari la majina ya marubani.

Daftari lina kisa chake. Nafundisha historia sekondari. Kuna binti wa kidato cha pili, kwao ni Ilemela, ndege zikiteremka zinapita juu ya bati lao, na ameshaapa kuwa atakuwa rubani. Siku moja aliniuliza marubani maarufu walikuwa watu wa namna gani. Nikamjibu kimwalimu: majasiri, wavumilivu, wenye nidhamu. Akaandika yote matatu, akapiga mstari, kisha akainua uso: "Sawa mwalimu. Na nyumbani kwao je?" Kengele ikaniokoa. Wiki nzima nikawa nasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo yale maneno matatu yalivyozidi kunitia aibu.

Siti ya dirishani alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye koti la kaki, karanga kazifunga kwenye karatasi ya daftari. "Mwangaluka," akanisalimia Kisukuma, maana sura yangu haikumwambia kuwa mimi ni Mhaya. Nikaitikia hivyo hivyo. Miaka ya Mwanza imenifundisha. Tulipofika Usagara alikuwa keshajua ninapofanya kazi, na tangu hapo sikuwa na jina jingine zaidi ya "mwalimu." Mimi nami nikajua kuwa alipakia mizigo uwanja wa ndege wa Mwanza tangu 1986 hadi alipostaafu, na kwamba anakwenda Kemondo kwa mkwewe. Mtu gani huyo wa kukutana naye siku ile! Nikafungua daftari.

Daraja la Kigongo–Busisi tulilimaliza kabla sijamaliza kumenya yai. Kilomita 3 juu ya maji. Waliosafiri enzi za kivuko wanajua pale palivyokuwa: foleni, jua, na basi la mbele yenu ambalo siku zote ndilo la mwisho kuingia. Abiria walitoa simu wapige picha. Mzee alitazama maji tu, akaniambia babu yake alikuwa akisimulia ndege zinazotua ziwani kama bata, na wajukuu wakidhani mzee kaota.

Nikamwambia babu hakuota. Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa safari ulikuwa Mwanza. Huku kwenye Mto Naili na ziwa walitumia ndege za majini. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya barua kuendelea hadi Cape Town. Mzee alifurahi kama mtu aliyelipwa deni la marehemu.

"Mimi niliyoisikia ni ya 1979," akasema. Vita vya Kagera. Ndege ya Libya, ilikuja kumsaidia Idi Amin, ikataka kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa kabisa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. "Kila nikipita Capri Point, pale mkabala na kisiwa, namfikiria yule rubani. Hivi alirudi akamwambia nini bosi wake?"

Huyo sikuwa naye. Nikamwongeza kwenye daftari, bila jina.

Niliyeanza naye mimi ni Charles Lindbergh, kwa sababu ndiye anayetangulizwa siku zote. Mei 1927, peke yake, New York hadi Paris, saa 33 na nusu bila kulala, na sandwichi tano za njiani. Kijana mrefu, mwenye haya, asiyependa makelele, na kila jambo analipanga kwa orodha. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, orodha anazipenda. Nikamwambia asubiri kwanza. Orodha zile aliziendeleza nyumbani: kila mtoto alikuwa na yake, imeandikwa makosa na mambo ambayo baba atayazungumza naye akirudi safari. Na baba alikuwa mtu wa safari kweli. Alifariki 1974. Mwaka 2003 vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba Ujerumani alikuwa na watoto watatu kwa mwanamke mwingine, watoto waliokua wakimjua baba yao kwa jina la uongo. Na kaya hiyo haikuwa pekee.

"Miaka yote hiyo?" Mzee aliacha karanga hewani. "Huku kwetu wangejuana msibani. Kabla hata maiti haijatoka mochwari."

Kicheko kikatoka siti ya nyuma. Kumbe tuna wasikilizaji.

Sikuishia hapo. Nikamsimulia hotuba ya 1941, alivyowatwisha Wayahudi lawama kwamba wanaisukuma Marekani vitani. Hiyo haikumchekesha mtu. Kinachonisumbua kwa Lindbergh ni kwamba siwezi kukata nusu nzuri nikaitupa mbaya. Mtu anayeweza kukaa saa 33 na nusu ndani ya kichwa chake mwenyewe bila kuhitaji mtu mwingine, ndiye huyo huyo anayeweza kuficha familia nzima kwa miaka bila jasho kumtoka. Kifuniko ni kile kile kimoja. Sasa hilo unaliandikaje ubaoni kwa kidato cha pili?

Tulipita Geita, na kabla ya Katoro tairi la nyuma likapasuka. Wanaume wakashuka kutoa ushauri, wanawake tukashuka kutafuta kivuli. Dereva alivua shati, akaingia mwenyewe na jeki, konda akibaki kumshikia nati kwenye kofia. Mzee akanivuta pembeni. "Njoo nikuonyeshe kapteni anavyozunguka ndege."

Tukaanza puani mwa basi. "Hapa kuna propela. Anaipapasa kwa kiganja, hivi, kama unavyompapasa ng'ombe kabla ya kutoa hela." Akaupapasa ubavu wa basi, vumbi likabaki na alama ya vidole vitano. Akachuchumaa kwenye tairi zima. "Hapa haangalii tairi tu. Anaangalia na chini, kama kuna mafuta yamedondoka." Akagusa sakafu ya lami, akanusa kidole. Halafu akainua macho kwenye mkia wa basi, taratibu, mkono ukiwa juu ya paji kuzuia jua, na kwa sekunde chache nilisahau kuwa tunaangalia maandishi ya "Mungu Mbele."

Alinisimulia makapteni wawili. Majina hakuyataja, nami sikuuliza. Mmoja alikuwa na sauti tamu kwenye spika, abiria wakishuka wanamsifia, lakini miaka yote hakuwahi kujibu salamu ya mpakia mizigo. Wa pili alikuwa kanuna tangu Jumatatu hadi Jumapili. Abiria walimwona ana majivuno. Mvua ikinyesha, huyo aliyenuna hakubali mizigo ianze kushushwa mpaka vijana wajikinge chini ya bawa kwanza. "Akiwa juu kila mtu ni kapteni, mwalimu. Mimi huwa nawangojea wakishuka."

Basi likaondoka, nami nikawashusha wangu mmoja mmoja.

Bessie Coleman tulikaa naye sana. Mmarekani mweusi, msafisha kucha kwenye saluni za Chicago. Shule za urubani za kwao hazikumtaka, kwa rangi yake na kwa uanamke wake, akajifunza Kifaransa akavuka bahari, na Juni 1921 akapata leseni Ufaransa. Picha zake zote amevaa kofia ya ngozi na tabasamu, na waliomtangaza walimuuza kama mwanamke wa sarakasi asiyeogopa kitu. Lakini alitengewa nafasi kwenye filamu, akakuta anatakiwa atokee amevaa matambara. Akaondoka, na pesa alikuwa akizihitaji kweli. Halafu kuna onyesho la Texas. Waandaaji walitaka weusi waingie kwa mlango wao na weupe kwa mlango wao. Akasema bila mlango mmoja haruki. Wakakubali mlango mmoja, ingawa ndani watu walikaa mbalimbali vilevile.

"Mlango mmoja," mzee akarudia, akafikicha karanga. "Huyo mpe nyota."

Alikufa Aprili 1926 huko Jacksonville. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma bila kujifunga mkanda, apate kuchungulia ardhi kwa ajili ya onyesho la kesho yake. Ndege ikabingirika, akaanguka. Spana ilikuwa imeingia kwenye mitambo ya usukani. Mzee aliuliza mara mbili nani aliiacha spana humo, na mara zote mbili aliuliza kama mtu wa uwanjani anayemtafuta mhusika.

Beryl Markham mzee alimpenda kwa sababu nyingine: alijua Kiswahili. Mzungu aliyekulia Njoro, Kenya, akicheza na watoto wa Kikalenjin, mfunzi wa farasi wa mbio kabla hajawa rubani. Septemba 1936 aliondoka Uingereza peke yake, akaivuka Atlantiki dhidi ya upepo, mafuta yakakwama kwa barafu, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, pua ya ndege chini, paji la uso likitoka damu. Magazeti yakamchora kama malaika mwenye suruali nyeupe. Walioishi naye walimjua kwa farasi, wanaume na madeni. Hata kitabu chake cha 1942 kinagombaniwa hadi leo, kuna wanaoamini mumewe wa tatu ndiye aliyekiandika. Uzeeni alikuwa Nairobi, kwenye kijumba karibu na uwanja wa mbio za farasi, na hali yake ya fedha haikuwa ya mtu maarufu. Akafa 1986. Mimi nampenda hivyo hivyo. Sijui kwa nini mwanamke akiwa na madeni tunashtuka kuliko mwanamume akiwa na kaya za siri.

Waliobaki tuliwapitia haraka, maana usingizi ulikuwa umeanza kumshika. Ernst Udet wa Ujerumani, aliyeangusha ndege 62 katika Vita Kuu ya Kwanza, mcheshi, mchora katuni, aliyekuja hadi Afrika Mashariki kupiga filamu. Alikwama kwenye vinamasi vya Naili huko Sudan mpaka Tom Campbell Black, rubani wa Nairobi aliyemfundisha Beryl, akamwokoa. Wanazi walipompa cheo cha ofisini hakikumfaa hata kidogo. 1941 akajipiga risasi, nao wakatangaza kuwa kafa akijaribu silaha mpya. Na yule mwokozi wake? Aliuawa 1936 uwanjani Liverpool, magurudumu yakiwa bado ardhini, ndege nyingine ikamgonga. Mzee alifumbua jicho moja. "Hizo za chini ndizo tunazoziogopa sisi."

Neil Armstrong nilimwekea Biharamulo. Mei 1968, mwaka mmoja kabla ya mwezini, chombo cha mazoezi kilimgeuka hewani, akajirusha nje kwa parachuti chombo kikilipuka chini yake. Akauma ulimi tu. Mwanaanga mwenzake Alan Bean alimkuta ofisini muda mfupi baadaye anajaza makaratasi, akadhani amesikia vibaya habari ya ajali. Watu wanasema huyo hakuwa na hisia. Mimi naona alikuwa amechagua mahali pa kuziweka.

Kuanzia Muleba migomba ilisogea barabarani, ukungu ukashuka, na basi likanyamaza. Wote tuliokuwa tukienda Bukoba tulijua tunakaribia nini. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege yenye watu 43 iliingia ziwani ikijaribu kutua, mvua ikinyesha. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kwenye daftari ukurasa wa mwisho nilikuwa nimemwandika Chesley Sullenberger, aliyetua Mto Hudson Januari 2009 na watu 155, wote wakatoka hai. Sikumlinganisha na mtu, na mzee hakutaka nimlinganishe. Nilimsomea mambo mawili tu: kwamba maji yakiwa yanajaa alitembea ndani ya ndege mara mbili, hadi nyuma na kurudi, kuhakikisha hakuna aliyebaki; na kwamba baada ya sifa zote zile usingizi ulimkimbia kwa wiki kadhaa.

"Hatujui wa kwetu kama na wao walipata nafasi ya kutembea," mzee akasema. Hakuongeza, nami nikafunga daftari.

Kemondo alishuka na koti lake. Karanga zilizobaki aliniachia mimi. "Huyo binti mwambie asije akatunyima salamu."

Kesho yake jioni nilimwacha mama anachambua mchele, nikateremka hadi ufukweni, pale uwanja wa ndege wa Bukoba unapoishia karibu na maji. Ndege ilikuja chini chini kutokea ziwani. Nilipoisikia imegusa lami ndipo nilipojua kuwa nilikuwa nimebana pumzi. Nikasogea kwenye uzio. Abiria wakashuka wote, kisha rubani, mwanamume mnene kuliko nilivyotarajia, akazunguka ndege, akapapasa, akachuchumaa kwenye tairi akaangalia chini yake. Alipoinuka, kijana mmoja wa mizigo alimfuata na mfuko wa nailoni. Walisalimiana kwa mikono miwili. Rubani akafungua mfuko, akanusa, akatoa senene mmoja akamtia mdomoni, akatafuna huku anatazama ziwa. Akatoa wa pili. Kijana akaanza kucheka na kunyoosha kiganja, na ndipo kapteni alipoingiza mkono mfukoni kutafuta pochi.